Kifungu cha Nne cha Sabla Yetu

Ijumaa, 2 Machi 2007
Ibra. Tarehe kumi na mbili ya Mfungo Tano.

Baada ya sala tulikaa sabla, baraza ya ukoo wetu, sisi tuliorudi kutoka Unguja na bara. Leo halikuwa jambo la harusi wala la maiti. Nabhan alisoma waraka. Mwandishi wake ni Nada binti Hamoud, aliyesomea sheria Maskati. Mwanamke haingii sabla ya wanaume, kwa hiyo maneno yake yaliingia kwa kinywa cha Nabhan, mtu wa masihara tangu tulipokuwa skuli.

Waraka wasema: kila nyumba ya ukoo iingie katika bima ya matibabu ya sabla. Si khiari — lazima. Mzima na mgonjwa, tajiri na fakiri, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Raia hutibiwa na dola, alhamdulillahi. Lakini miongoni mwetu wamo wasio na pasi: wake, mashangazi, ndugu waliochelewa kurudi. Hao wakiugua, huchangiwa mlango kwa mlango.

Wa kwanza kupinga — baba yake! Hamoud, mkubwa wa sabla, alisimama akaegemea bakora. Alisema mwanawe ameandika vizuri sana, na amekosea. Akakisoma kifungu cha nne cha katiba ya sabla: “Haitochukuliwa mali ya mtu ila kwa ridhaa ya nafsi yake.” Basi bima ya lazima ni batili, hata kabla ya kupigiwa kura.

“Bin ammi,” Nabhan, binamu yake, akamuuliza, “chakula cha mchana leo utakila nyumbani kwako, au uje kwangu?”

Watu walicheka. Hamoud mwenyewe alicheka.

Kisha nyuso zote zikanigeukia mimi. Kifungu hicho niliandika mimi, mwaka 1997, dola ilipokwisha kupata katiba yake, Nidhamu ya Msingi, na sisi tukataka sabla yetu nayo iwe na yake. Wameniachia nitamke, Ijumaa ya tarehe 23, kama bima ya lazima yapatana na katiba au yaivunja. Nimekubali. Moyoni nilikuwa nimekwisha kukata shauri: yaivunja.

Jumapili, 4 Machi

Nada alikuja baada ya alasiri. “Shikamoo, Maalim.” Nilimfundisha Juzuu Amma akiwa na miaka sita. Hakukubali herufi mpaka ajue kwa nini hutamkwa pale inapotamkwa. Hajabadilika.

Mke wangu, Bimdogo, alitandika jamvi, akaleta kahawa na tende. Mdogo wake, Tamima, alikaa nasi. Tamima alibaki Tabora kwa mumewe. Alipofiwa, mwaka 2001, tukamleta kwetu. Hana pasi ya hapa. Ana mdomo.

“Maalim,” Nada akasema, “kifungu cha nne nakijua kwa moyo. Cha tisa je?”

Cha tisa ni cha dia, fidia ya damu. Mtu wetu akiua kwa bahati mbaya — na barabara hizi za Bidiya na Sur! — dia hulipwa na ukoo mzima, kila mwanamume aliyebaleghe, apende asipende. Ndiyo aqila. Hatukuitunga sisi, ni sharia ya tangu enzi za Mtume, rehema na amani zimshukie.

“Ndugu yetu Marzouq alipomgonga yule mzee kwa gari, mwaka 2002, mulimwuliza mtu ridhaa yake?”

Hatukuuliza.

“Basi mauti ya mtu wa nje twayabeba kwa lazima, na uhai wa mtu wetu twaubeba kwa khiari. Nifahamishe, ami.”

Nilimjibu kwamba dia ni haki iliyokwisha kuthibiti. Maradhi ni ghaibu, na kuuziana ghaibu kumekatazwa. Akasema: hatuuziani. Hakuna muuzaji, hakuna faida, twabebana. Tamima akadakia kwamba Maalim leo amekwama kama gari ndani ya mchanga!

Kisha nikalichukua dele nikammiminia Nada kahawa kwa mkono wangu. Bimdogo alinitazama kwa mshangao. Miaka hamsini hakupata kuniona nikimhudumia mwanafunzi.

Jumatano, 7 Machi

Nimeifungua katiba. Kifungu cha nne nilikitoa katika hadithi, cha tisa katika fiqhi. Niliviandika siku moja, kwa kalamu moja, wala sikuona kwamba vyatazamana.

Ijumaa, 9 Machi

Sabla ilijaa mpaka watu wakakaa nje. Nabhan aliiweka simu yake ya mkono katikati, juu ya sinia ya tende, akaifungua sauti. Nada alikuwa kwenye simu, nyumbani kwao, nyumba ya tatu kutoka sabla! Mzee mmoja alinung'unika kwamba ni bidaa. Nabhan akamwambia kwamba sauti si mguu, haijavuka kizingiti.

Hamoud alizungumza kwanza. Hakupaza sauti. Alisema yeye alikuwa na miaka kumi na tisa alipomwona baba yake akitolewa nyumbani kwake Malindi ya Unguja, siku za mapinduzi, na nyumba ikachukuliwa kwa jina la maslahi ya watu wote. Waliokuja walikuwa na karatasi, na karatasi ilikuwa na muhuri. Tangu siku ile neno “lazima” hulisikia kama mlango unaovunjwa. Hakatai kutoa. Atatoa zaidi ya kila mtu, na hutoa. Hataki kumtia mkono mfukoni mtu aliyesema la.

Nusu ya waliokuwapo walikuwa na mlango wao wa namna ile.

Sauti ya Nada ikatoka kwenye sinia. “Baba, waliokuja kwa babu hawakumwuliza babu. Sisi twawauliza nyinyi.”

“Na atakayesema la?”

“Atafungwa na neno la walio wengi, kama anavyofungwa kwenye dia.”

“Huyo atakayesema la ni mimi, mwanangu.”

“Najua, baba.” Akaongeza: “Na chai yako ipo mezani.”

“Semeni upesi,” Nabhan akasema, “kadi yangu yakwisha kabla ya hoja!”

Nimesoma vitabu vya ikhtilafu za maulamaa umri wangu wote. Sijapata kuona ikhtilafu iliyo safi kama hii. Kila mmoja aliisikiliza hoja ya mwenziwe mpaka mwisho, na kila mmoja alikuwa na lake la kupoteza. Mola awahifadhi wote wawili.

Jumatano, 14 Machi

Leo ni siku ya soko la wanawake. Wanaume hawaingii. Niliwateremsha Bimdogo na Tamima, nikakaa garini na tasbihi yangu, kama kila Jumatano.

Ndani, Tamima alianguka. Mbele ya wauza vitambaa. Wanawake walimpepea, wakamnywesha maji, wakamsomea. Bimdogo alinipigia, simu nilikuwa nimeizima kwa ajili ya uradi. Wakangoja. Hakuna aliyeona vyema kunipigia kelele langoni, wala mimi sikuona vyema kuchungulia. Robo saa nzima nilikuwa hatua thelathini kutoka kwake, nikimtaja Mwenyezi Mungu, na sikujua! Alitolewa amebebwa katika shuka na wanawake wanne.

Spitali walimpokea kwa heshima, wakamtuliza. Daktari alikuwa msema kweli: mlango mmoja wa moyo haufungi tena. Apasuliwe Maskati, na isipite miezi miwili. Kwa asiye raia, ni spitali ya kulipia.

Hakutaja kiasi. Nilimwomba asikitaje.

Alhamisi, 15 Machi

Hamoud alikuja kwetu asubuhi, peke yake; Tamima amekwisha kurudishwa nyumbani. Alibisha hodi, akakaa karibu na mlango. Alisema mbele ya Tamima: yeye apinga lazima, hampingi Tamima. Gharama yote iwe juu yake, leo, bila ya sabla kujua. Aliona haya, kama kwamba yeye ndiye mwombaji.

Tamima alijiinua juu ya mito.

“Ahsante, kaka Hamoud. Nimekula sadaka ya ukoo huu miaka sita wala haikunikaba. Lakini kila aliyenipa kitu, sikuthubutu kumkasirikia. Mtoto wake akinivunjia kikombe, nacheka. Mkewe akinisema, nacheka. Nimechoka kuwa mtu mwema.”

Hamoud alitaka kucheka, akaacha.

“Nitangoja Ijumaa ya tarehe 23,” akasema Tamima. “Nikipewa kama haki, nitaingia nayo spitali na kelele zangu zote. Nikikosa, nitakuja kuipokea sadaka yako, na nitacheka.”

Hamoud alisimama akaweka mkono kifuani. Nje aliniambia jambo moja tu: kwamba mwanamke huyu angelizaliwa mwanamume, angelikuwa yeye mkubwa wa sabla. Nikamjibu kwamba amekwisha kuwa.

Jumanne, 20 Machi

Sikupata usingizi mzuri siku tatu hizi. Leo limenidhihirikia.

“Kwa ridhaa ya nafsi yake.” Nilipoandika nilimfikiri mwenye mali. Na nafsi ya mwenye kuomba je? Yeye hushukuru kwa lazima, hunyamaza kwa lazima, huwa mtu mwema kwa lazima. Lazima haikuletwa na Nada. Ilikuwapo siku zote. Tulikuwa tumemtwika mgonjwa peke yake. Kuigawa juu ya mabega ya wote si kukivunja kifungu cha nne. Ni kukitimiza.

Hilo ndilo jawabu langu. Wala siwezi kulitamka.

Kwani ningeliliona, lau Tamima hakuanguka? Sijui. Kadhi hahukumu akiwa na ghadhabu, wala akiwa na njaa, wala katika jambo la watu wa nyumba yake. Nimewafundisha haya vijana wa Ibra miaka thelathini na tano.

Nilikwenda kwa Hamoud. Nabhan alikuwapo. Niliwaambia kwamba Ijumaa nitajitoa.

“Ukijitoa, wengi watanifuata mimi,” Hamoud akasema. “Unalijua hilo?”

“Nalijua.”

“Sema neno moja, na wengi watakufuata wewe.”

“Ndiyo sababu siwezi kulisema.”

Hakuniuliza neno lenyewe ni lipi. Angeliweza, hakuuliza. Alisema kwamba yeye naye ana mtoto katika shauri hili, basi hafai kutamka.

“Subhanallah!” akasema Nabhan. “Basi na tumtafute ngamia wa Bidiya ahukumu. Yeye hana shemeji wala binti.”

Tumekubaliana: hakuna mtamkaji. Vifungu vyote viwili visomwe, na sabla yenyewe iamue.

Ijumaa, 23 Machi

Naandika haya nyumbani, dirishani. Sabla bado wamekaa.

Nilisimama mwanzo kabisa. Niliwaambia mambo matatu. Kwamba dada wa mke wangu ni mgonjwa, na hana pasi. Kwamba kwa hiyo mimi si hakimu. Kwamba katiba si ya aliyeiandika. Ni ya walioikubali. Basi. Mtu mmoja aliniomba kutoka nyuma: “Maalim, utoe ishara japo ya kichwa!” Nilikishika kichwa changu kisitikisike. Sijapata kubeba kitu kizito kama kichwa hicho.

Hamoud alinisindikiza mpaka mlangoni. Akainama — yeye, mkubwa wa sabla, na goti lake lile bovu — akavigeuza viatu vyangu vielekee nje ili nivivae. Macho yangu yaliingia maji. Nilikwenda kwa haraka isiyonifaa.

Bimdogo alinipokea kwa maneno makali. Hajapata kuniambia maneno kama yale. Ulimi niliowafaa nao watu wote wa mji huu, akasema, siku ya ndugu yake nimeufunga! Ana haki. Amekwenda jikoni, nasikia masufuria.

Tamima alikuwa macho.

“Wamesema nini?”

“Sikusikia. Nilitoka.”

“Ulitoka kwa nini?”

Nilimweleza. Alinitazama, nikadhani yeye naye amekasirika.

“Basi ni vizuri, shemeji,” akasema. “Wakinipa, sitokuwa nimepewa kwa ajili yako.”

Akaniomba nimsogezee mto. Nikamsogezea.

Saa imepita. Mwadhini bado. Nabhan amenipigia mara moja: Hamoud amekisoma kifungu cha tisa yeye mwenyewe, kwa sauti yake, na alipofika kwenye neno “apende asipende” aliacha kusoma mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akaagiza binti yake aitwe. Mlango wa upande wa sabla umefunguliwa, pazia likatundikwa. Nada amekaa nyuma yake. Haijapata kutokea tangu sabla ijengwe! Nabhan alitaka kuendelea, nikasikia watu wakimnyamazisha, na simu ikakatika.

Tangu hapo hakuna khabari.

Gari la Hamoud limekuja, limesimama nje ya ukuta wetu. Injini imezimwa. Hawajateremka. Nawaona kupitia kioo: baba kwenye usukani, binti kando yake, karatasi magotini mwake, bila shaka ya uamuzi wa sabla. Aonyesha mstari kwa kidole. Hamoud atikisa kichwa, aonyesha mwingine. Wabishana! Wamefika mlangoni kwa mgonjwa, na bado wabishana!

Nilitaka kutoka niwakaribishe. Tamima amenizuia.

“Waache,” amesema. “Wasiingie mpaka wamalize.”

Bimdogo ametoka jikoni na dele mkononi. Amesimama nami dirishani. Ameweka vikombe vitano: viwili vya wageni, vitatu vyetu.