Posa Iliyokuja Juu ya Lori

Malindi, Jumapili

Mke wangu Mama Zuhura,

Amani ya Mungu iwe nawe na wote mliolala chini ya dari letu hapo Vanga. Goti lako linaendeleaje? Na yule mbuzi aliyekuwa akikohoa, amepona au mmekwisha kumla? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, moyo ndio umechafuka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua: simu wewe unaiweka sauti ya juu, na kabla sijamaliza salamu jirani zako wote wamekwisha kuniitikia. Haya ninayotaka kukwambia si ya jirani.

Umeniuliza mbona sitoi jibu la posa ya Swaleh, tajiri wangu, kwa mtoto wetu. Unasema mji mzima bado unalizungumza gari lake la mbio, na dadako amekwambia mwenye gari la namna ile hawezi kumlaza mke njaa. Basi keti, nikueleze habari za gari, maana mimi ndiye yaya wake.

Kwanza ujue halikuja Vanga kwa magurudumu yake. Lilikuja juu ya lori, limefunikwa turubai kama mgonjwa. Tumbo lake liko chini mno, na matuta ya njiani yangelichuna lote. Tulilishusha nje kidogo ya mji, nyuma ya miti, kwa mbao mbili. Swaleh akajifuta jasho, akavaa miwani, ndipo akaingia nalo likinguruma na watoto wakikimbia nyuma. Wale wazee waliobeba barua ya posa walikuja na gari lao la kawaida na hakuna aliyewatazama. Nilitaka kukwambia siku ile ile, lakini wageni walikuwa wamejaa ukumbini na wewe ulikuwa unacheka.

Matunzo yake sasa. Kabla sijanywa chai nalipasha moto, betri isije ikafa. Banda lake limezibwa vioo na lina mtambo wa baridi, kwa sababu hewa ya chumvi ya hapa inakula kila kitu, na mtambo huo haulali. Maji ya kisima hayaligusi. Huletewa maji matamu kwa boza, na wanawake wa mtaani ambao mifereji yao imekauka husimama getini na ndoo tupu wakitazama povu linavyoteremka mtaroni. Nilipowajazia ndoo kidogo nilikaripiwa mbele yao. Mipira ya magurudumu hubadilishwa hata haijalika, ati ikikaa sana inakakamaa. Bei ya mipira ya mara moja tu ingeezeka nyumba yetu yote na milango tukanunua. Fundi wa hapa haruhusiwi hata kufungua boneti. Huletwa mwingine kwa ndege kutoka Nairobi, huchomeka kompyuta yake, hutikisa kichwa, na kipuri kinaagizwa Ulaya. Shamba la mikorosho la Tezo, urithi wa mama yake Swaleh, nusu yake imekwenda kwa breki na gia. Na pamoja na hayo yote, mwendo wa gari ni kutoka nyumbani mpaka mbele ya hoteli, liegeshwe lionekane, lirudi.

Naona kinyaa, Mama Zuhura. Nalifuta gari na mkono wangu wenyewe unaniudhi.

Hata hivyo ningemeza, maana mali ni yake na mimi nimeajiriwa. Kilichonishinda ni kisa cha udi.

Mama yake, Bi Rukia, ambaye ndiye angekuwa mavyaa wa Zuhura, ni mtu mzima mwenye ugonjwa wa sukari, mikono na miguu humvimba. Anaogopa hasad. Anasema macho yote yale yanayolitazama gari la mwanawe hayawezi kupita bure. Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya alasiri huja na chetezo, akalizunguka gari akisoma na kulifukiza. Ijumaa moja akaona haitoshi. Alitaka moshi uingie ndani hasa, kama unavyofukiza wewe nguo za Idi. Akafungua mlango, akaweka chetezo juu ya kiti, akafunga, akasimama kando kungoja. Mimi nilikuwa nikitayarisha maji ya kuoshea na wala sikumzuia. Nani wa kwetu angeona hatari katika udi? Kaa likaruka, likatoboa ngozi ya kiti.

Swaleh alitolewa ndani na harufu.

“Umefanya nini, mama?”

“Nilikuwa nakukinga, mwanangu.”

“Unajua kiti hiki kinatoka wapi? Ushenzi wako wa moshi utaulipa mwenyewe. Lete hizo bangili.”

Nilidhani ni hasira za kupita. Bi Rukia akaanza kuzivuta bangili zake, hazitoki, mkono umejaa. Swaleh akachota povu katika ndoo yangu, lile la kuoshea gari, akampaka mama yake kifundo cha mkono, akavuta. Bibi akasema, “Taratibu, baba, naumia.” Akavuta. Zilipotoka zilitoka na ngozi. Kisha akanigeukia, akasema, “Bakari, futa hapo, upesi.” Nikachukua kitambaa kisafi, nikamwendea Bi Rukia. Swaleh akanifokea, “Mlangoni, wewe. Povu limedondokea mlangoni.”

Nikafuta mlango. Bi Rukia akaufunika mkono kwa kanga yake akaingia ndani. Ijumaa iliyofuata nilimwona amesimama mbali na banda, chetezo mkononi, anapepea moshi uelekee kwenye gari, lakini upepo ulikuwa ukimrudishia usoni.

Huyo Swaleh ndiye anayemtaka mwanangu. Siku hizi ananiita mkwe, na huniambia huku akicheka kwamba mkwe hafukuzwi kazi. Nimemwelewa. Ninachoogopa si kazi. Naogopa Zuhura asije akasema baba yake alimnyima bahati yake. Kwa hiyo msomee barua hii yote, usimrukishe pale pa mama wa watu. Ile leso ya posa na kilichofungwa ndani usiiguse, na kama umekwisha kuigusa, jitahidi ijae kama ilivyokuja.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, Omari, na umweleze haya kabla hajawaita wazee. Nisalimie mama mkwe, na mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Zuhura. Dadako msalimie pia, mwambie nimesikia maneno yake. Zuhura mbusu kipaji cha uso kwa ajili yangu, hata kama amekwisha kununa.

Ni mimi mumeo, ninayeukosa wali wa nazi wa mkono wako kila siku ya Mungu,

Bakari

Nimeifungua tena bahasha, maana mambo yamenitangulia. Usinitafute tena nyumba ile. Kuanzia leo niko Kakuyuni kwa rafiki yangu Kahindi, anayetengeneza matrekta na alikuwa na haja ya mtu. Asubuhi hii Swaleh alinijia bandani akitaka jibu lake. Nikamwambia, “Tajiri, posa ya mwanangu nairudisha, na ufunguo wako huu hapa.” Nilijiweka tayari kutukanwa, au kuulizwa kosa ni lipi, au Zuhura mwenyewe amesema nini. Akaupokea ufunguo, akaligeukia gari, akaniuliza, “Sasa hili unaniachia na nani?”