Gari Ulilolisugua kwa Pumba za Mpunga

Kashaulili,
Mpanda.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Erasmus,

Salamu kwanza, maana mama yetu alitulea hivyo na sitaki useme nimesahau adabu. Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Joto la Tanga mnalivumilia? Sisi huku ni wazima. Mimi mgongo unanisumbua na vidole vimevimba, sababu utaisoma huko mbele. Baridi ya asubuhi imeanza, na vumbi nalo limerudi. Wenzetu wa Majimoto mwaka huu mpunga umewakubali. Basi, salamu zimeisha.

Nimekupigia simu mara kumi na moja tangu wiki iliyopita na hupokei. Ujumbe unausoma, naona, halafu unakausha. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua hii nampa mwalimu Faith, jirani yangu, anayekuja kwao Tanga likizo. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka ameona umeifungua. Ukimkaribisha chai atakunywa, lakini ataendelea kukuangalia.

Nataka tuzungumze habari ya gari la marehemu shemeji yako Yotham, ile Korola nyeusi.

Ulikuja Aprili kwenye misa yake ya mwaka, nikakupokea vizuri, nikakuchinjia kuku wawili. Ukaniomba gari uende Majimoto kumsalimia mama mdogo Specioza. Nikakataa. Nilikwambia mvua bado zipo, barabara ni tope, na gari lile haliendeshwi na mtu mwingine isipokuwa dereva wetu Ndaki. Ulisema sawa dada, nimeelewa. Ulisema hivyo huku unakula kuku wangu.

Alhamisi mimi nikaenda Sumbawanga kununua vitambaa, nikalala huko. Ijumaa mchana narudi, wewe umeshapanda basi tangu alfajiri. Nakuta Ndaki yuko uani na ndoo na kitambaa, kama kila Ijumaa kwa miaka kumi na moja, na jua linapiga kwenye boneti. Erasmus, nilichokiona sijawahi kukiona. Gari zima limejaa mikwaruzo ya mviringo, duara juu ya duara, kuanzia boneti mpaka buti, kama buibui ametandaza utando wake. Weusi wote umekufa, limekuwa la kijivu.

Ndaki akaniambia, Mama Hana, mimi nimeondoa turubai nikalikuta hivi. Nikakupigia ukiwa ndani ya basi. Kumbuka ulichonijibu, maana mimi nakikumbuka neno kwa neno. Ulisema, "Mimi sijaligusa dada, atakuwa huyo Ndaki wako na sabuni zake."

Nikakuamini wewe. Damu yangu, nikasema, hawezi kunidanganya juu ya kitu cha marehemu. Nikamgeukia mtu mzima mwenye wajukuu, mbele ya wateja wanne waliokuja kuchukua nguo zao, nikamnyang'anya ufunguo. Nikamwambia aende akaoshe ng'ombe wa kwao, magari awaachie watu. Ndiyo, niliyasema hayo mimi Romana, ninayesali jumuiya kila wiki. Ndaki alimwaga maji ya ndoo, akaikung'uta, akaifudikiza ukutani, akaondoka.

Hilo la mdomo wangu nitalijibu mimi kwa Mungu. Lako utalijibu wewe.

Sasa nikuelezee kuhusu vidole. Fundi wa kwanza niliyemwita alisema gari lipigwe rangi upya. Nikamfukuza. Rangi ile Yotham alikuwa anaipangusa vumbi kwa shuka la kitanda, na mimi nikigomba kwa ajili ya mashuka yangu. Siwezi kupiga nyingine juu yake kwa sababu ya mtu mmoja mpumbavu, na wakati huo mpumbavu nilidhani ni Ndaki.

Nikamtafuta Manyanda, fundi rangi wa zamani ambaye macho yamemchoka na hashiki tena kazi. Akaja, akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo. Akasema ukucha ukinasa, mkwaruzo umeshaingia ndani, hapo kuna kazi. Ukucha ukiteleza, iliyokwaruzika ni ile ngozi ya juu tu isiyo na rangi, na hiyo hata mama kama wewe anaweza kuirudisha nyumbani kwa mikono. Sehemu kubwa ukucha uliteleza. Nikasema nitafanya mwenyewe.

Alinifundisha nikiwa nimekasirika, na hasira ilinisaidia nisisahau. Gari liwe kivulini na bati lake liwe la baridi, maana kwenye jua dawa inakaukia juu na kuongeza mikwaruzo. Ndoo mbili, moja ya sabuni ya maji na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga ulioutoa usiurudishe tena kwenye gari. Halafu dawa ya kusugulia, kidogo kama punje ya harage, kipande cha gari kisichozidi sahani, mkono mwepesi, unafuta, unamulika na tochi ya simu, unaangalia. Bado? Unarudia. Pale ukucha uliponasa, karibu na taa ya kushoto, tulitumia msasa ule laini kabisa wa maji, na hapo Manyanda hakuniachia, alishika mwenyewe kwa kupapasa. Mwisho wa yote unapaka nta.

Vitambaa sikununua. Mimi ni fundi cherehani, kitambaa hakinibabaishi. Nilichukua vitenge vilivyochakaa mpaka vikawa laini, nikakata pindo zote na mishono yote, kwa sababu uzi wa pindo ndio unaokwaruza. Manyanda alisema katika maisha yake hajaona mtu wa kufikiria hivyo. Nakuambia ili ujue dada yako si mjinga, ingawa ulimfanya mjinga.

Wiki tatu, Erasmus. Kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani nilikuwa nimepiga magoti bandani nasugua. Wiki ya tatu nikafika milangoni. Nikauvuta mpira wa mlango wa dereva ili nisafishe chini yake, na kidole kikatoka na pumba za mpunga. Zimegandana na majivu. Nikaenda mlango wa pili, zipo. Nikafungua kifuniko cha tangi la mafuta, zimejaa. Chini ya wipa, nyuma ya kibao cha namba ya gari, zipo.

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Mimi hapa Kashaulili napikia mkaa, pumba nitazitoa wapi? Ndaki kwao ni watu wa ng'ombe, kwake wanasugua vyombo kwa mchanga wa mtoni, nimeshawaona. Pumba na majivu ni sisi. Ni mama yetu na masufuria yake, ametupanga mstari nyuma ya nyumba, mimi nasugua, wewe unasugua, na asiyeng'arisha hali. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angeliona gari lina tope na akili yake ikampeleka kwenye lundo la pumba.

Nikampigia mama mdogo Specioza. Sikumuuliza kwa mtego, nilimsalimia tu na kumuuliza kama ulifika. Akafurahi mno. Akasema Erasmus alikuja na gari la shemeji yake, limejaa tope mpaka madirishani, akaliegesha pale mashine ya kukoboa, akaomba majivu kwa mama lishe, akavua shati akalisugua kwa pumba kama sufuria la msiba. Watu wakakusanyika kumsifu. Lilipokuwa limelowa, akasema mama mdogo, lilikuwa linang'aa huwezi kuamini. Bila shaka. Likiwa limelowa kila kitu kinang'aa.

Kwa hiyo uliiba ufunguo wa akiba, ukaenda kujipiga kifua Majimoto, ukaona aibu ya tope, ukaharibu, likakauka ukaona ulichofanya. Ungeniambia, ningepiga kelele siku mbili na yangeisha, unanijua. Badala yake ukalifunika turubai, ukapanda basi, na nilipokupigia ukamtwisha mzigo mtu aliyembeba shemeji yako hospitali mara ya mwisho. Wewe wakati huo ulikuwa Tanga. Hata nauli ya kuja kumuuguza ilikushinda.

Na mambo hayakuishia uani kwangu. Mwezi Mei chama kimoja cha wafuga nyuki kilitaka kumwajiri Ndaki awe dereva wao. Mwenyekiti akaniuliza habari zake, na mimi nikamwambia ameniharibia gari na akakataa kwamba ni yeye. Wakamchukua mwingine. Tangu hapo mjini hapa hakuna anayempa usukani. Dereva akishasemwa hivyo na mjane wa bosi wake, nani mwingine atamuuliza?

Nilipojua ukweli nilikwenda kwa mwenyekiti siku hiyo hiyo na vumbi la dawa ya kusugulia mikononi. Hakuniamini. Anadhani nimemwonea Ndaki huruma, eti namtungia hadithi ya pumba ili apate kazi. Kuna gari la pili, wanaajiri dereva mwingine kabla Juni haijaisha. Akasema atamfikiria Ndaki ikiwa aliyefanya atasema mwenyewe kwa mdomo wake.

Aliyefanya ni wewe. Namba ya mwenyekiti ipo kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha hii. Piga. Useme jina lako, useme ulichofanya, useme Ndaki hakuwepo. Usianze kujieleza habari za mvua. Ukiona aibu, na uione, Ndaki ameibeba ya kwako miezi miwili. Jumapili iliyopita nilisimama jumuiya nikayasema yote, jina lako nikalitaja, na mama mdogo Specioza sasa anajua alikuwa anasifia nini. Huna tena mtu wa kumficha.

Na usifikiri ukishapiga simu yamekwisha.

Jumatano nilikwenda kwa Ndaki. Mkewe Ng'washi akanipa kiti na maziwa, kama mgeni wa heshima, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Nikamweleza kila kitu, nikamwomba radhi, na lile la ng'ombe nikalirudia mbele ya mkewe ili naye anisamehe. Ndaki akasema nimesikia Mama Hana, yameisha.

Akanisindikiza mpaka nyumbani, akataka kuona kazi. Akapitisha kiganja juu ya boneti, polepole. Akasema boneti nimeiweza, ila mlango wa nyuma bado, akachukua simu yangu akanimulikia mahali nilipoacha. Alikuwa sahihi. Nikaona amelainika, nikampa ufunguo.

Akauangalia, akauweka juu ya cherehani. Akaniambia amenisamehe kweli, hana kinyongo, lakini gari hili hawezi kuliendesha tena. Akasema, "Kila nitakaposhuka nitalizunguka kwanza nilikague, Mama Hana, na wewe utaniona nalikagua."

Kesho yake nilimalizia ule mlango wa nyuma. Sasa hakuna mkwaruzo hata mmoja, unaweza kujitazama na kunyoa ndevu. Misa ya kesho nitakwenda kwa miguu.

Mama mdogo Specioza anakusalimia, kwa sauti ya chini. Mpwa wako Hana anasema shikamoo, hajui bado akuambie nini kingine. Manyanda anauliza kama huko Tanga nako mnaoshea magari pumba. Msalimie mkeo sana, watoto wabusu kila mmoja. Ndaki hajatuma salamu na mimi sikumwomba.

Mungu akulinde na akupe afya. Usingizi akunyime mpaka umepiga hiyo simu.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na hataki kukuona kwa sasa,

Romana