Pumzi ya Baba Kwenye Mashine

Ijumaa. Baridi, na Lushoto yote imefunikwa na ukungu. Nimeomba ruhusa shuleni ninakofundisha, na saa tisa hii ya alasiri nimewasha taa ili niandike.

Leo Baba amepuliza tena kwenye mashine ya kupima mapafu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi uliopita. Alikuja kwangu kutoka kijijini Shume amekonda, anakohoa, anasimama kila baada ya hatua chache. Alipimwa kifua kikuu mara mbili, hakikuonekana. Dawa ya pumu haikumsaidia. Naona aibu kuandika: nilidhani anavuta sigara kwa siri.

Hospitalini, daktari alimwambia avute pumzi yote, apulize kwa nguvu mpaka aishiwe. Kisha akanionyesha mchoro. "Mwenye pumu, hewa hutoka kwa shida. Ya mzee inatoka upesi, ila ni kidogo. Mapafu yamekakamaa, hayajai." Akamtembeza kwenye korido na kifaa kidoleni. Oksijeni ikashuka kabla hajafika mwisho.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Mzee, unafuga?"

Baba ana ng'ombe wawili wa maziwa na banda la majani makavu. Akiyageuza asubuhi, jioni hupata homa na kikohozi. Majani yale yameota kuvu, na mapafu yake yanapambana na vumbi la kuvu mpaka yanajiumiza yenyewe. Daktari aliuita ugonjwa huo mzio wa mapafu.

Hapo nikakosa raha. Mimi ndiye niliyemshauri ayafunike majani kwa turubai kabla hayajakauka vizuri. Mwalimu wa jiografia, mjuzi wa mvua!

Nimekaa na siri hiyo wiki nne.

Muda wote huo Baba amekuwa hapa, mbali na banda, akimeza vidonge. Kikohozi kimepungua. Na leo mchoro umepanda. Haujafika panapostahili kwa mtu wa umri na urefu wake, lakini umepanda.

"Pumzi iliyobaki itarudi?" Baba akauliza.

"Sijui, mzee. Palipoingia kovu hapalainiki tena. Tutaendelea kupima. Ila ukirudi kwenye yale majani, utapoteza hata hiki ulichopata."

Njiani nikamwambia kuhusu turubai. Akasimama. Nikadhani amechoka.

"Nilikuwa nakohoa kabla ya turubai lako," akasema. "Usijipe ukubwa."

Sijui kama ni kweli, au amenihurumia.

Tulipofika nyumbani akampigia simu shangazi, dada yake. Waliongea Kishambaa, maneno machache tu: ng'ombe wote wawili waende kwake.

Kisha akaomba nimchorie mapafu. Nikachora vibaya, kitu kama mti uliopinduliwa. Akalifuata tawi moja kwa kidole mpaka kwenye ncha.

"Hapa mwisho, hewa inaingiaje kwenye damu, na damu isitoke?"

Miaka yote hii napumua, sijawahi kujiuliza. Nimemwahidi kwamba Jumatatu nitamuuliza mwalimu wa baiolojia. Amesema nije na jibu lililoandikwa, si la kukumbuka kichwani.