Mradi Wangu Umempa Mwingine Kazi

Mwenzangu, nimetoka kwenye usaili wa kazi sasa hivi.

Nilianza kueleza mradi wangu wa chuo, ile mashine ya kukaushia mahindi. Injinia aliyekuwa akinisaili akanikatiza: "Huu tunaujua. Aliyeubuni tulimwajiri kwa sababu ya mradi huu."

Wakamwita. Akaingia Bwana Samahani. Yule yule wa kikundi chetu, aliyekuwa haonekani karakana mpaka siku ya kuwasilisha, kila mara "samahani, nimebanwa", hadi tukampa jina hilo.

Nikamwambia, "Waeleze basi."

Akatazama viatu vyake. "Dada huyu alitusaidia kuchapa ripoti."

Kuchapa ripoti, mwenzangu. Mimi niliyeungua mkono nikichomelea tangi la mashine ile.

Injinia akanirudishia vyeti, akasema wanataka watu wakweli. Nikavichukua, nikatoka.

Niko nje ya geti lao. Sina mradi mwingine wa kumwonyesha mtu.