Barabara Ikiwa Bado Imeganda

Jumapili, 3 Novemba

Baridi. Neno hilo nimeliandika kila siku tangu nifike. Sasa basi.

Leo hakuna shule. Nimeshinda chumbani, soksi juu ya soksi, blanketi begani kama kikongwe. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anakamua mbuzi. Nilitoka kumsaidia, akanipokonya ndoo taratibu na kusema mwalimu hafanyi kazi hiyo. Heshima! Wananipa kiti kizuri, kisha wanakaa mbali nacho.

Nimepanda kwenye jiwe nyuma ya tangi la maji, ndipo mtandao unaponasa. Mama yangu aliuliza kama huku ugenini nimepata marafiki. Tele, nikasema. Akafurahi. Nikashuka.

Rafiki ninaye mmoja, na kwa usumbufu hana mfano: binti wa mwenye nyumba. Mwalimu mkuu anamwita Chiriku, maana hanyamazi hata akitafuna. Tunalala chumba kimoja kwa sababu ndicho chenye jiko la kuni. Huongea mpaka usingizi umkate katikati ya sentensi, halafu basi — gogo. Mbwa wote wa kijiji wabweke, yeye haamki.

Jumatano, 6 Novemba

Sehemu na asilimia, jioni nzima. Chiriku anashika haraka, ila akishashika anataka kunieleza mimi.

Mtihani wa kuingia shule ya bweni ni Ijumaa ya tarehe 22, kule bondeni. Mwaka huu anakwenda yeye peke yake. Wenzake wameacha shule. Mwakani umri utakuwa umempita. Kwa hiyo ni sasa au basi.

Nimekwenda kuzungumza na dereva wa gari la maziwa. Hakuna gari jingine. Anashuka alfajiri tu, matope yakiwa bado yameganda na kuwa magumu; jua likishaipiga barabara, inakuwa uji, na hapo hata trekta halipiti. Hamsubiri mtu. Anapiga honi mara moja kwenye kona, anapakia madumu ya maziwa, anaondoka. Amesema aliwahi kumwacha mama mkwe wake, na mpaka leo nyumbani anapewa chai iliyopoa. Mimi ananiita Mwalimu wa Kuazima. Eti siku moja wenyewe watakuja kunidai.

Nimecheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka na mtu mzima huku.

Ijumaa, 15 Novemba

Amepata maswali yote. Yote! Amerusha daftari juu, likatua karibu na jiko, tukalikimbilia wote wawili.

Baadaye alianza habari za bwenini. Vitanda vya ghorofa, yeye atalala cha juu. Akaniuliza kama atakapoondoka nitalia. Nikamwambia nitalala kwa amani kwa mara ya kwanza. Akanipiga na mto.

Akifaulu, anaondoka Januari. Mimi nabaki mpaka Juni. Ninafundisha kwa nguvu zangu zote ili chumba hiki kiwe kimya.

Jumanne, 19 Novemba

Leo Chiriku alipokwenda kuteka maji, mama yake aliingia chumbani. Hajawahi kuingia nikiwemo. Akakaa kitandani kwangu, akanishika mkono. Kiganja chake kama gome la mti, lakini cha moto.

Alizungumza polepole ili nielewe. Lugha yao naishika nusunusu. Mume wake alichukuliwa na maporomoko ya udongo. Mtoto wa kwanza alishuka kusoma, wa pili akamfuata. Wanapiga simu. Wajukuu anawajua kwa picha.

Kisha akasema: "Mwanangu, mwambie hajawa tayari. Mimi nikimkataza atanichukia. Wewe ukisema bado, atakubali."

Nilisikia kwanza lile *mwanangu*. Mengine yalinifikia baadaye. Huku kila mtu ananiita Mwalimu, hata mbuzi wangejua kusema wangeniita Mwalimu. Mama huyo hakungoja jibu, aliondoka na kikombe changu kukiosha.

Jioni aliniita uani. Akanipa ndoo.

Jumatano, 20 Novemba

Nimekamua tena. Amenicheka, nilivyomwaga nusu. Tumekaa jikoni sisi watatu mpaka moto umelegea. Laiti ingekuwa hivi tu.

Kumwambia Chiriku, sijamwambia.

Alhamisi, 21 Novemba

Chiriku mwenyewe ndiye aliyeuliza. Tulikuwa jikoni, mama yake anamenya viazi.

"Dada, niambie ukweli. Niko tayari?"

Kisu kikasimama.

Nikasema, "Uko tayari."

Kisu kikaendelea. Baadaye mama mtu alianika sweta la binti karibu na jiko, akamchemshia mayai ya njiani, akamwambia avae soksi nzito. Mimi hakunitazama. Wakati wa kula akasema, "Karibu viazi, Mwalimu."

Chiriku alimwomba amwamshe alfajiri, maana yeye kuamka mwenyewe hawezi. Mama yake akamjibu, "Mwambie mwalimu wako. Ndiye anayekupeleka."

Ijumaa, 22 Novemba, alfajiri

Nimeamka kabla ya simu kulia. Nimeizima.

Dirisha limeshika barafu kwa ndani. Barabara itakuwa kama saruji. Kisingizio hicho hakipo.

Amelala kifudifudi, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia nje ya kitanda. Nimesema nimwache dakika chache, mtihani unataka kichwa kilichopumzika. Sababu nzuri. Ninazo sababu nyingi nzuri.

Jikoni moto unawaka. Mama yake yuko macho muda mrefu. Nyayo zake zimekuja mpaka mlangoni kwetu, zikaishia hapo. Hakubisha. Mimi nimeacha hata kugeuza ukurasa ili asisikie. Anajua niko macho, mwanga wa tochi unapita chini ya mlango. Anangoja nifanye nini? Na mimi namngoja afanye nini?

Nimesimama. Nimekaa tena. Ninaandika.

Injini. Inapanda, bado iko mbali.

Mkono wangu uko karibu kabisa na bega lake.

Honi. Mara moja.

Sasa madumu yanagongana kule kwenye kona, moja, jingine. Mlangoni nyayo hazijaondoka. Chiriku amejigeuza, amevuta blanketi mpaka kidevuni, na bila kufumbua macho ameniuliza:

"Dada, bado?"