Fungu la Kukhu Nasimiyu

Mama,

Tulikuzika Jumamosi, na bado sijaelewa nilichokiona jana. Nakuandikia nikiwa Kitale kwa dada.

Jana pesa za serikali za wazee zilitoka. Marafiki zako watatu walitoka benki wakaja moja kwa moja nyumbani Kamukuywa, wakaketi. Nilidhani wamekuja kunipa pole. Kukhu Nekesa, bibi aliye mkubwa wao kwa umri, akaniuliza, "Sasa ile ya mama yako nani atakata?" Nikamuuliza ile ipi, ndipo wakanieleza.

Ati kila pesa zikitoka, nyote wanne mlikuwa mnakata kidogo mnampa Kukhu Nasimiyu, ambaye mashine ya kusajili ilikataa alama za vidole vyake. Alifunga tumbaku Malakisi ujana wake wote, alama zimefutika. Serikali haimtambui, lakini akinunua sabuni analipa kodi kama mimi. Na hakuna kinachomrudia. Mama, mbona hukuniambia?

Unakumbuka nilivyokuwa nakulalamikia kwa simu, kwamba kule Denmark mshahara unakatwa vibaya hata kabla sijauona? Ulicheka. "Na wakikata wanapea nani?" Nikasema serikali. Ukasema serikali si mtu. Basi nikuambie sasa. Bibi ninayemwogesha kule kazini hupata pesa yake kila mwezi, awe na watoto au asiwe nao. Hakuna mtu anayelazimika kuketi sebuleni kwa wafiwa kumwombea pesa. Hapa kwetu wenye mashamba makubwa wanalala tu bila kutoa kitu, na nyinyi wenye kidogo ndio mlijikata. Nakuonea fahari, lakini hasira ni nyingi zaidi.

Nilitoa fungu lako mfukoni mwangu nikampelekea Nasimiyu mwenyewe. Alipokea kwa mikono miwili, akachomoa noti moja akanirudishia. Nikakataa. Akanifunga kiganja na vidole vyake vile laini. "Sisi tunapea mwenye hana. Leo ni wewe huna mama."

Nililia pale mlangoni kwake. Tangu uondoke sikuwa nimelia, hata kaburini.

Sikuirudisha ile noti. Nilinunua sukari, tukanywa chai na dada.

Pumzika, Mama. Mshahara ukiingia nitakata fungu lako kabla sijagusa langu, na wenzako nimewaambia hivyo wakiwa wameketi kwenye viti vyako.

Mtoto wako,
Nafula