Makopo ya Kona Nne

Eindhoven, Uholanzi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti la kushoto linasemaje? Na ile mibuni mipya ya kule juu, imeshika? Mimi mzima. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatiza kuniuliza nimekula nini. Nimekula.

Wiki iliyopita nusura nifukuzwe. Mashine yetu ya kupanga vifurushi ina mizani nne, kila moja na namba yake ndani ya kompyuta, na mojawapo ya namba hizo, haijulikani ipi, ilikuwa ikivurugika. Bosi, Pieter, akanigeukia mbele ya watu saba: "Mgeni wa programu hii ni wewe. Ijumaa iwe imepona, la sivyo tuagane. Kwani ulisomea wapi?"

"Tunduma," nikamjibu, "kwenye kafe ya intaneti, kwa kulipia dakika. Ndiyo maana sizipotezi."

Prosesa yetu, ubongo wa kompyuta, inaruhusu mitego minne tu ya kunasa kinachogusa namba. Nikategea namba zote nne. Namba ikiguswa, mfumo endeshi unaipelekea programu ishara. Lakini ishara yenyewe ilisema tu: mtego umeguswa. Upi? Kimya.

Nikakumbuka mahindi yetu na kamba zako za makopo, ulizozungushia kona nne za shamba. Usiku mmoja nikilinda kopo lililia, nikakimbilia bondeni, kumbe nguruwe pori wanakula kona ya juu. Baba akanichapa fimbo sita, eti nilisinzia. Wewe hukubishana naye. Kesho yake ulifunga kopo la maziwa kona moja, nyingine debe, nyingine chupa, ya nne jembe bovu. Tangu hapo kila mlio ukataja kona yake.

Nami nikaurekebisha mfumo endeshi, ishara ije na jina la mtego, anwani iliyoguswa, na sehemu ya programu iliyoigusa. Alhamisi ikaja miguso kumi na moja ya wizi, yote mtego wa tatu, yote kutoka sehemu ya kuchapa lebo. Sehemu hiyo aliiandika Pieter, kabla sijaajiriwa.

Akasoma, masikio yakamwiva. "Kumbe," akasema. Basi!

Nikamwambia, "Mkuu, uliniaibisha mbele ya saba. Sema mbele ya haohao saba." Ijumaa akasema. Mmoja alikuwa likizo. Tukampigia simu asikie.

Msalimie dada na cherehani yake, na mjomba wa kule Nanyala, fundi wa pancha. Baba mpe shikamoo yangu, kisha mwambie zile fimbo sita zilikuwa za kona isiyo yangu. Yeye simdai watu saba. Akisema "kumbe" tu, inatosha.

Mwanao ambaye hakusinzia,
Lusekelo